Mamba wa Wamon: Kinanda Kinachopigwa Mgongoni

Ukiambiwa kwamba iko nchi ambako mtu huketi chini, akamweka mamba mbele yake, akamkuna mgongoni, na mamba naye akatoa muziki, utasema hizo ni hadithi za sungura na fisi. Sisi sote tunamjua mamba. Mgongo wake haukunwi. Hata ukimwona amejilaza mchangani kama gogo, unapita mbali na unawaita watoto watoke majini. Lakini habari hii ni ya kweli, ndugu msomaji. Mamba tunayemzungumzia ni wa mti. Ni kinanda.

Kinanda hiki kinatoka Burma, nchi iliyo katika bara la Asia, kati ya India na Thailand. Tangu mwaka 1989 jina rasmi la nchi hiyo ni Myanmar, ila jina la Burma bado linasikika sana. Kwetu Afrika Mashariki jina hilo si geni. Mwaka 1944, katika Vita Kuu ya Pili, askari wa KAR kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na nchi jirani walipigana na Wajapani katika misitu ya kaskazini-magharibi ya Burma, na waliorudi walilileta jina hilo mpaka vijijini. Basi nchi ni hiyo hiyo. Ila kinanda chetu hakitoki kwenye misitu ile. Kinatoka kusini, karibu na bahari na midomo ya mito mikubwa, katika nchi ya watu waitwao Wamon.

Tumekichagua kinanda hiki kwa sababu kimojawapo kimehifadhiwa mbali sana na kwao. Kiko katika jumba la makumbusho la Metropolitan, mjini New York, Marekani, na kina umri wa zaidi ya miaka mia moja. Mtu akikitazama anaona mamba mzuri aliyechongwa. Lakini kinanda si sanamu. Kinanda kimetengenezwa ili kisikike. Kikikaa ndani ya kioo miaka nenda miaka rudi bila kuguswa, je, kilichohifadhiwa ni kinanda au ni gogo lenye macho? Tulieleze jambo hili polepole, tuanze na jina.

JINA LAKE

Waburma hukiita mi gyaung. Maana yake ni mamba, basi. Wamon wenyewe hukiita kyam, na maana ni ile ile, mamba. Ukivuka mpaka ukaingia Thailand, utakuta kinanda ndugu yake kikiitwa chakhe. Neno hilo ni ufupisho wa chorakhe, yaani mamba kwa lugha ya Kithai. Ukizidi kwenda mbele mpaka Kambodia, utakuta ndugu mwingine anaitwa krapeu, na hapo pia maana ni mamba. Lugha nne, mnyama mmoja. Watu hawa hawakuambizana katika mkutano kwamba tukiite hivi. Kinanda kilitembea kutoka nchi hadi nchi, na kila kilipofika watu walilitafsiri jina lake kwa lugha yao.

Wataalamu wa muziki hukiweka kinanda hiki katika ukoo mmoja na nanga ya Wahaya, na inanga ya Burundi na Rwanda. Msishangae. Wataalamu hao hawaangalii nchi wala rangi za watu, wanaangalia nyuzi zimefungwa vipi. Mpango wanaoufuata ulichapishwa mwaka 1914 na mabwana wawili, Hornbostel na Sachs. Kwa mpango huo, gitaa ni ukoo mwingine, kwa sababu gitaa lina shingo. Zeze nalo lina shingo. Lakini nanga haina shingo. Nyuzi zake zinalala juu ya mwili wenyewe, kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule. Mamba wa Wamon ni hivyo hivyo. Nyuzi zinamlala mgongoni, kutoka upande wa kichwa mpaka upande wa mkia.

UMBO LAKE NA JINSI KINAVYOPIGWA

Fundi huchukua gogo la mti, akalichimba ndani mpaka likabaki tupu. Anayejua kuchonga mtumbwi ataielewa kazi hiyo haraka. Ubao ukiwa mnene mno, sauti inakuwa nzito na kukwama. Ukiwa mwembamba mno, mti unapasuka. Tumbo hilo tupu ndilo linalokuza sauti. Uzi peke yake hauna nguvu. Ukiukaza kati ya misumari miwili hewani na kuuvuta, utasikia kilio kidogo tu. Ukiukaza juu ya kitu chenye uvungu, sauti inajaa. Ndiyo sababu ngoma ina uvungu, na marimba hupigwa juu ya kisanduku.

Wathai hupenda sana mti wa mfenesi kwa kinanda chao. Urefu wa chakhe ni karibu sentimeta 130, na kina miguu mitano mifupi ya kukisimamisha. Fundi wa Kimon hufanya jambo moja ambalo mwenzake wa Kithai ameliacha: humchonga mamba mzima. Kichwa kipo, macho yapo, kinywa kipo, mkia upo. Chakhe ya Wathai ina mwili mpana upande mmoja na mwembamba upande wa pili, na mtu asiyeambiwa hawezi kukisia kwamba huyo ni mamba. Jina limebaki, sura imeondoka.

Nyuzi ni tatu. Katika chakhe, mbili zilikuwa za hariri au za utumbo wa mnyama, na siku hizi ni za nailoni. Ya tatu ni ya waya wa shaba, nayo ndiyo yenye sauti nene. Kila uzi umefungwa kwenye kigingi chake upande wa mkia. Ukizungusha kigingi uzi unakaza na sauti inapanda. Ukilegeza, inashuka.

Sasa njoo kwenye mgongo. Kwenye mgongo wa mamba vimepangwa vibao vidogo vilivyosimama, virefu upande mmoja na vifupi kadiri vinavyokaribia upande wa pili. Tuviite vidato, kama vile vidato vinavyokatwa kwenye mnazi ili mtu apate pa kukanyaga akipanda. Hapa anayepanda ni kidole. Mpigaji huubana uzi kwa mkono wa kushoto juu ya kidato. Akibana kidato hiki anapata sauti hii, akisogea kidato kingine anapata sauti nyingine iliyo juu zaidi. Kwa hiyo nyuzi tatu tu zinatoa sauti nyingi. Chakhe ina vidato kumi na moja au kumi na viwili.

Mkono wa kulia nao una kazi yake. Mpigaji hutumia kipande kidogo cha pembe ya ndovu, mfupa au pembe ya mnyama, kilichochongwa kwa ncha ya mviringo. Hukifunga kwa uzi kwenye kidole cha shahada, na kukishikilia kwa kidole gumba. Halafu hukipitisha juu ya nyuzi, kwenda na kurudi. Akitaka sauti ndefu, huenda na kurudi haraka sana bila kukoma, mpaka sauti inakuwa kama mvua juu ya bati. Ndiyo maana tulisema mwanzoni kwamba mamba anakunwa. Si mzaha.

Liko jambo jingine ambalo watu wa Dodoma watalipenda. Wagogo hutoboa tundu kwenye marimba yao, yaani ilimba, na kuliziba kwa utando wa buibui ili sauti iwe na mvumo kama wa nyuki. Sauti safi peke yake, kwao, ni sauti pungufu. Hata katika chakhe mvumo huo unatafutwa. Kidaraja ambacho nyuzi hupita juu yake kabla ya kufungwa ni kipana na bapa, si chembamba kama cha gitaa. Uzi unapotikisika unagusagusa ubapa ule na kutoa mvumo. Mpigaji huweza kuingiza kijiti chembamba cha mwanzi chini ya uzi ili mvumo uwe kama anavyotaka yeye. Mtu aliyezoea gitaa tu atadhani kinanda kimeharibika.

KWA NINI MAMBA?

Nchi ya Wamon ni nchi ya maji. Mto Irrawaddy unapokaribia bahari hugawanyika kuwa mito mingi midogo, na katika mikoko ya huko mamba wa maji ya chumvi wapo hata leo. Ni wakubwa kuliko hata hawa wa kwetu. Mtu aishiye na mamba humwogopa, humheshimu, na pia humtungia hadithi.

Waburma wanayo hadithi moja ijulikanayo sana. Kijana wa kifalme, Min Nandar, alimpenda binti wa mfalme wa ng'ambo, Shin Mwe Nun, aliyekaa Thanlyin, karibu na mahali ulipo mji wa Yangon. Kati yao ulikuwepo mto, na wakubwa hawakuutaka uchumba ule. Kijana alikuwa na mamba aliyemlea, jina lake Nga Moe Yeik. Mamba alimvusha usiku, amemweka kinywani ili asionekane. Siku moja safari ilichelewa. Mamba alipofika ng'ambo na kufungua kinywa, bwana wake alikuwa amekwisha kufa kwa kukosa hewa. Binti naye akafa kwa huzuni. Miili ilichomwa kila mmoja upande wake wa mto, na moshi wa pande mbili ukapanda na kukutana angani. Hadithi hii haielezi asili ya kinanda. Tumeisimulia ili muone kwamba kwa watu hawa mamba si adui tu. Anaweza kuwa mtumishi mwaminifu, na uaminifu wake ukaleta msiba.

MAKARANI WA CHINA

Sasa tunafika mahali ambapo sisi tunaoshughulika na kisomo tumefurahi sana.

Mwaka 802 mfalme wa watu waitwao Wapyu, waliokaa kaskazini ya Wamon hapo Burma, alipeleka wanamuziki 35 kwa mfalme mkuu wa China, wa ukoo wa Tang. Walisafiri kwa miguu na wanyama milima na mabonde mpaka mji mkuu, Chang'an. Walicheza na kuimba mbele ya mfalme. Wageni wa namna hiyo walikuwa wengi, na wangeweza kusahaulika kama moshi. Lakini makarani wa China walikuwa watu wa kuandika. Waliitazama kila ala, wakaipima, wakahesabu nyuzi zake. Maelezo hayo yaliingizwa katika kitabu kikubwa cha historia ya Tang kilichokamilishwa mwaka 1060.

Katika orodha hiyo imeandikwa kwamba walikuwepo vinanda viwili vyenye kichwa cha mamba. Kimojawapo kilikuwa na umbo la mamba, urefu futi nne za Kichina, miguu minne, tumbo tupu, na ngozi ya mamba imepambwa mgongoni. Mkia ulikuwa na urefu wa zaidi ya futi moja na ulijipinda kuelekea juu. Nyuzi zilikuwa tisa na vijiti vya kuzitegemeza kumi na vinane. Futi ya Kichina ya wakati ule ni kama sentimeta 30. Kwa hiyo urefu wote ulikuwa kama sentimeta 120. Linganisha na zile 130 za chakhe ya leo. Miaka elfu moja na mia mbili imepita, na mamba amerefuka kwa kiganja kimoja tu!

Nyuzi, hata hivyo, zimepungua kutoka tisa hadi tatu. Kinanda kile cha Wapyu kimeoza zamani, na Wapyu wenyewe wamekwisha kuchanganyika na makabila mengine hata lugha yao haizungumzwi tena. Bila ya karani yule mwenye kamba ya kupimia, leo tusingejua kwamba mamba wa muziki alikuwepo Burma mwaka 802.

Tuongeze kidogo, maana hatuwezi kuliacha hili. Mshairi mashuhuri wa China, Bai Juyi, aliyeishi wakati huo huo, aliandika shairi kuhusu muziki wa Wapyu. Hakuusifu. Alisema kwamba mfalme angefanya vizuri zaidi kama angesikiliza maneno ya mkulima maskini kuliko kelele za wageni. Sisi wa vijijini hatuwezi kumlaumu Bai Juyi kwa kutukumbuka. Lakini karani aliyehesabu nyuzi naye alifanya kazi yake vizuri.

WAMON NI NANI?

Wamon ni kati ya watu waliotangulia kuandika katika sehemu ile ya Asia. Herufi zao walizipata kutoka India, wakazigeuza zifae lugha yao. Wataalamu wengi wanakubali kwamba Waburma nao walijifunza kuandika kwa kufuata herufi za Kimon. Katika mji wa Bagan kuna nguzo ya jiwe ya mwaka 1113, inayoitwa Myazedi. Imeandikwa habari moja kwa lugha nne, uso huu Kipyu, uso huu Kimon, uso huu Kiburma, na uso wa nne Kipali, ambacho ni lugha ya vitabu vya dini ya Buddha. Kama mtu wa zama zile angejua lugha moja tu, angesoma uso wake akaelewa.

Lakini mwaka 1757 mji mkuu wa Wamon, Pegu, ambao leo huitwa Bago, ulitekwa na Alaungpaya, mfalme wa Waburma. Ufalme wa Wamon ukaisha hapo. Watu wengi walikimbilia Siam, ambayo siku hizi ndiyo Thailand, na vizazi vyao wapo huko hata sasa. Mtu akikimbia vita hachukui vitu vingi. Huchukua watoto, chakula, na yale aliyo nayo kichwani na mikononi. Nyimbo hazina uzito.

Hatusemi kwamba wakimbizi hao ndio waliopeleka kinanda Siam kwa mara ya kwanza. Kilikuwa kimekwisha kufika. Sheria za ikulu ya Ayutthaya, zinazohusishwa na mfalme Trailok aliyetawala tangu 1448 hadi 1488, zinawakataza watu kupiga filimbi, zeze na chakhe ndani ya eneo la makao ya mfalme. Sheria ya namna hiyo inatuambia mengi. Hakuna anayekataza jambo lisilofanywa. Bila shaka watu walipita na mitumbwi karibu na ikulu wakipiga mamba wao mpaka wakubwa wakakosa usingizi. Baadaye mambo yaligeuka. Inaelezwa kwamba wakati wa mfalme Rama wa Pili, aliyetawala tangu 1809 hadi 1824, chakhe iliingizwa katika bendi ya ikulu yenyewe. Kilichokatazwa getini kikakaribishwa sebuleni.

Huko Burma mamba hakupata bahati hiyo. Kinanda kilichopendwa na wafalme wa Waburma ni saung, chenye umbo la mashua na shingo iliyojipinda. Ukitazama picha za Burma utakiona hicho mara nyingi. Mamba alibaki kwa Wamon, akapigwa katika sherehe zao pamoja na filimbi, ngoma na nyimbo.

MAMA ALIYEKUSANYA KWA BARUA

Je, mamba mmoja alifikaje New York?

Katika miaka ya 1880 alikuwepo mama mmoja wa mji huo, Mary Elizabeth Adams Brown, mke wa tajiri wa benki aitwaye John Crosby Brown. Mama huyu alianza kukusanya ala za muziki. Mwanzoni ni chache za kupamba nyumba, baadaye akashikwa na hamu ya kupata za dunia nzima. Hakufunga safari kwenda kuzitafuta kila nchi. Aliandika barua. Aliwaandikia wamisionari, mabalozi, wafanyabiashara na wataalamu, akawaomba wamnunulie ala na kumweleza jinsi zinavyopigwa. Mwaka 1888 yeye na mwanawe William walichapisha kitabu kuhusu ala hizo, na kijana ndiye aliyezichora picha. Mwaka 1889 alianza kuzitoa kwa jumba la makumbusho la Metropolitan, kwa jina la mumewe. Aliendelea kuongeza mpaka zikazidi 3,000. Kinanda cha mamba kimo katika mkusanyo huo.

Tufikirie kidogo. Mama yule alifanya kazi kubwa, wala hatumdharau. Bila yeye kinanda kile pengine kingeliwa na mchwa au kingekuwa kuni. Lakini wakati ule nchi ya Wamon ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Walichukua ukanda wa pwani ya Wamon mwaka 1826, Pegu mwaka 1852, na Burma yote iliyobaki mwaka 1885. Vitu vilitoka kwa wenye navyo vikaenda Ulaya na Marekani kwa njia nyingi, na aliyenunua mara nyingi hakuuliza jina la aliyeuza. Ndivyo ilivyokuwa kwa ala nyingi zilizokusanywa miaka ile. Kadi inataja nchi, inataja mti, inataja vipimo kwa sentimeta. Fundi aliyekaa majuma kadhaa akimchonga mamba hana jina. Mpigaji hana jina. Wimbo uliopigwa mara ya mwisho kabla ya kinanda kufungwa ndani ya sanduku, nao hauna jina.

Makarani wa China wa mwaka 802 nao walipima bila kumtaja fundi. Miaka elfu moja ilipita na kadi ikaandikwa kwa namna ile ile!

WALIOBAKI NA MKONO

Burma ilipata uhuru mwaka 1948. Baada ya wanajeshi kutwaa serikali mwaka 1962, lugha ya Kimon iliondolewa katika shule za serikali. Jimbo lenye jina la Wamon liliundwa mwaka 1974, mji wake mkuu ni Mawlamyine, ila jina la jimbo si sawa na lugha darasani. Ni watawa wa dini ya Buddha waliookoa jahazi. Wakati wa likizo ya kiangazi, shule zinapofungwa, watoto wa Kimon walikusanyika katika nyumba za watawa na kufundishwa kusoma na kuandika lugha ya mama zao. Chama cha Wamon waliopigana na serikali nacho kilikuwa na shule zake, ambazo ziliongezeka baada ya mapatano ya kusimamisha vita mwaka 1995. Aliyewahi kufundisha kisomo chini ya mwembe, ubao umeegemezwa shinani, atawaelewa watawa wale bila kuelezwa zaidi.

Kuandika kunaweza kufundishwa hivyo, hata kwa likizo. Kinanda ni kigumu zaidi. Mwanafunzi lazima akae karibu na fundi, atazame mkono, akosee, arudie. Kitabu kinaweza kumwambia kwamba kipigio hufungwa kwenye kidole cha shahada. Hakiwezi kumwambia afunge kwa nguvu kiasi gani. Katika Thailand jambo hili lina wenyewe. Chakhe hufundishwa katika shule na vyuo, wavulana kwa wasichana, na nyimbo huandikwa kwa herufi za Kithai zinazosimama mahali pa sauti. Mamba asiye na kichwa ana wanafunzi wengi. Mamba mwenye kichwa, yule wa Wamon, ana wapigaji wachache.

Na tuone basi hao wachache wana nini ambacho jumba la makumbusho halina. Vidato vile mgongoni mwa kinanda hugandishwa kwa nta au gundi, havipigiliwi misumari. Nta ikizeeka inakauka, na kidato kinaanguka. Katika nyumba ya mpigaji hilo si tatizo. Hukiokota, hupasha nta moto, hukiweka kidato karibu na mahali pake, huubana uzi na kusikiliza. Kama sauti haijamridhisha, hukisogeza kidogo upande huu, akasikiliza tena, mpaka sikio likubali. Hapimi kwa rula. Anapima kwa nyimbo anazozijua, kwa sababu Wamon na jirani zao hawapangi ngazi za sauti kama zinavyopangwa kwenye piano.

Mtunzaji wa makumbusho akikuta kidato kimeanguka chini ya kioo, atakirudisha penye alama ya nta ya zamani, kama alama ingali inaonekana. Kama imefutika, hana budi kumtafuta mtu wa Mawlamyine au mzao wa wale waliokimbilia Siam, amwekee uzi mpya, amkalishe chini mbele ya mamba, na amwombe asikilize.